Hivi aliyesema "si kitu kimoja tu hicho" alipewaje kiti cha benki?

PembeYaLeja (mleta uzi)

Wakuu, salamu zitafuata, hasira bado ni mbichi.

Mnawajua. Sitaji jina, uzi usije ukapigwa kufuli, ila mnawajua: wale ambao kwenye matangazo yao kila mteja anacheka peke yake mbele ya kompyuta. Fomu ya idhini ya makato ya moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni imefika dirishani imejazwa, ina muhuri, ina sahihi mbili. Bwana mkubwa kaigeuza nyuma kama anatafuta tarehe ya kuisha matumizi, kairudisha, kasema: "Hapa hamjajaza kiasi. Halafu kwa nini msiweke tu oda ya kudumu? Si kitu kimoja tu hicho."

KITU. KIMOJA. TU. HICHO.

Na tai juu. Tai imenyooka kuliko hesabu za tawi zima.

Ndugu zangu, oda ya kudumu ni wewe unasukuma: unaiambia benki yako itoe kiasi kilekile, tarehe ileile, kwenda akaunti ileile, mpaka uiambie basi. Makato ya moja kwa moja ni anayekudai ndiye anayevuta. Kiasi anakileta yeye kila awamu kufuatana na bili, wewe ulichosaini ni ruhusa ya kuvuta. Ndiyo maana kisanduku cha kiasi kiko wazi! Bili inapanda na kushuka! Weka oda ya kudumu ya 500: bili ikija 412 umemkopesha mtu 88 bila kuombwa, ikija 655 unadaiwa 155 na huduma inakatwa huku mfumo unakuambia oda yako imelipwa salama salimini. Kitu kimoja. Basi na ndoo na kisima ni kitu kimoja, si vyote vina maji.

Sina hoja nyingine. Nataka tu mjue kuna mtu analipwa mshahara kwa kusema "kitu kimoja tu hicho" bila kupepesa jicho.

Nawasilisha.

SalioSifuri

Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

KalamuNyekundu

Pole mkuu, ila kosa la kwanza ni lako. Fomu hiyo dirishani ilifuata nini? Kwa kawaida idhini anapewa anayekudai, yeye ndiye anayeiingiza kupitia benki yake, na benki yako inaletewa kwa mfumo. Ukiipeleka dirishani inalala kwenye trei mpaka trei iote kutu. Umekosea mlango halafu unamtukana bawabu.

PembeYaLeja

Usinipande kichwani mkuu, inategemea mfumo. Kwenye SEPA, mfumo wa Ulaya wa malipo ya yuro, makato yana aina mbili, Core ya kila mtu na B2B ya biashara kwa biashara. Kwenye B2B benki ya mlipaji inalazimika kuhakiki idhini kabla ya kuachia kato la kwanza. Kampuni isipoipa benki yake taarifa za idhini, kato linarudi hata kama salio linafurika. Ndiyo fomu iliyopelekwa. Ndiyo iliyorudishwa. Ndiyo iliyoambiwa ni kitu kimoja.

Bi_Stakabadhi

Hapo mleta uzi yuko sahihi, na hapohapo ndipo wengi wanapoumia. Core inakupa wiki 8 za kudai hela yako irudi bila kuulizwa sababu, na hadi miezi 13 kama hukuwahi kutoa idhini. B2B haina hizo wiki 8. Ukiidhinisha, imekwenda. Anayekudai atakuletea fomu ya B2B kwa tabasamu pana kwa sababu ndiyo inayomfaa yeye. Soma kichwa cha fomu kabla ya kusaini, usisome nembo.

Na B2B haishiki kwenye akaunti binafsi. Wale wenye biashara ndogo wanaopitisha kila kitu kwenye akaunti ya mtu, kato likirudi na msimbo AC13 ndiyo maana yake: hii ni akaunti ya mtu, si ya biashara.

DebeTupu

Sijaelewa hata mstari mmoja lakini na mimi nimekasirika. Tai ilikuwa ya rangi gani?

PembeYaLeja

Bluu. Na alikuwa anaishika wakati anasema kitu kimoja.

Fundi_Makato

Tuweke misimbo sawa basi, maana watu wanakimbilia kupiga simu huduma kwa wateja kusikiliza muziki saa nzima wakati jibu wanalo kwenye taarifa ya kurudishwa. AM04 salio halitoshi. AC01 namba ya akaunti si sahihi. AC04 akaunti imefungwa. MD01 hakuna idhini, na kwenye B2B mara nyingi maana yake ni kwamba idhini ipo kwa anayekudai ila haijasajiliwa kwenye benki ya mlipaji, au imesajiliwa na namba ya idhini imekosewa herufi moja. Namba ya idhini inaruhusiwa hadi herufi 35, na watu wa mifumo wanaitumia nafasi yote kama wanalipwa kwa herufi. Inakili kutoka kwenye barua yao, usiiandike kwa kichwa. Sifuri na O hazijawahi kupatana.

KalamuNyekundu

Na msiamini eti "mfumo umeikubali namba ya akaunti". IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, inapimwa kwa hesabu tu: herufi 4 za mwanzo zinapelekwa mwisho, kila herufi inageuzwa namba kuanzia A ni 10, ukigawa kwa 97 lazima ibaki 1. Hiyo inakamata kosa la kuandika. Haijui akaunti ni ya nani. Unaweza kuweka IBAN safi kabisa ya kampuni dada na mfumo ukakupigia makofi.

Mwanasheria_wa_Mezani

Wote mnakimbilia misimbo, mzizi uko kwenye sahihi. Akaunti ya biashara ina maelekezo yake ya sahihi: mmoja yeyote, wawili kwa pamoja, au A pamoja na B. Idhini ya makato isainiwe hivyohivyo. Mkurugenzi akisaini peke yake kwenye akaunti ya wawili kwa pamoja, hiyo ni karatasi ya kufungia vitu. Mtia sahihi akiwa ameondoka kampuni, anza na azimio la bodi la kubadilisha watia sahihi, subiri benki ithibitishe, ndipo ujaze idhini. Ukirusha zote siku moja, ya pili itahakikiwa kwa kadi ya zamani ya sahihi na itarudi.

Jina nalo: liandikwe lilivyo kwenye akaunti, si lile lililo kwenye kibao cha dukani.

Fundi_Makato

Naunga mkono hoja. Kule Uingereza kwenye Bacs, mfumo wao wa makato, ni kali zaidi. Akaunti inayohitaji zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha hairuhusiwi kusajiliwa kwa simu wala mtandaoni, lazima fomu ya karatasi yenye sahihi zote. Watu wanajaza mtandaoni, wanaweka tiki kwenye "mimi ndiye pekee ninayehitajika kuidhinisha", wakati akaunti ina watia sahihi wawili. Hiyo tiki ni uongo, umeandika mwenyewe. Pia nafasi ya jina la akaunti kule ni herufi 18, kwa hiyo msishtuke mkiona jina la kampuni limekatwa katikati kama mkia wa mjusi.

PembeYaLeja

Sahihi zilikuwa mbili! Muhuri ulikuwepo! Jina lilikuwa sawa mpaka nukta! Kitu pekee alichokosa ni kiasi, ambacho HAKITAKIWI KUWEPO. Mnanisaidia kutatua tatizo ambalo sina. Tatizo langu ni yule mtu.

DebeTupu

Mtoa mada anataka mchumba, hataki makato.

MlinziWaSalio

Hahaha. Ila afadhali yeye kaambiwa kitu kimoja akakataa. Kuna wanaokubali. Wanaweka oda ya kudumu ili "kusukuma mambo" huku idhini ya makato inaendelea kusajiliwa kimyakimya. Mwezi unaofuata zote zinafyatuka: oda inasukuma, makato yanavuta, bili moja imelipwa mara mbili, akaunti inaingia hasi, kato la mishahara la siku inayofuata linagonga mwamba. Ukitaka daraja la kuvukia, lipa bili ya kwanza kwa mkono, uliza kwa maandishi kato la kwanza ni tarehe ngapi, basi.

Na salio liwepo jioni ya kuamkia siku ya kato, usingoje asubuhi. Makato mengi hupita kwenye bechi za alfajiri. Ukiweka hela saa 8 mchana umefika kwenye mazishi ya jana. Tarehe ya kato chagua siku 3 au 4 baada ya siku wateja wako wanapokulipa, si siku hiyohiyo.

SalioSifuri

"Umefika kwenye mazishi ya jana." Nimeiba hii.

MzeeWaUkaguzi

Vijana mnapigia kelele tai wakati wezi wa amani ni wengine. Wale wanaokusanya kupitia wakala! Unasaini idhini ya kampuni fulani, kwenye taarifa ya benki linatokea jina la wakala usiyemjua, kumbukumbu namba ya herufi zisizo na kichwa wala miguu, na wadai watatu tofauti wote wanatumia wakala huyohuyo. Mkaguzi anauliza hii 1,240 ni ya nani, ofisi nzima inaangalia dari. Unatakiwa uwe na daftari la idhini: mdai, wakala, namba ya idhini, akaunti inayokatwa, siku ya kato, nani alisaini, tarehe. Mistari 6 au 7 tu. Hakuna anayeweka. Wote wanasema "iko kwenye barua pepe".

Bi_Stakabadhi

Shikamoo mzee, umenigusa penyewe. Na ongeza safu ya kato la mwisho lilikuwa lini. Idhini ya SEPA isipotumika miezi 36 inakufa, na mdai anayekata mara moja moja hajui mpaka limrudie.

MzeeWaUkaguzi

Marahaba binti. Na kuna hili la mfumo wa kuandaa na kuidhinisha. Kampuni inajisifu kila malipo mtandaoni yanaandaliwa na mmoja na kuidhinishwa na mwingine. Vizuri. Makato hayapiti hapo! Ukishasaini idhini, kila kato linajipitia lenyewe bila kidole cha mtu. Ulinzi uliobaki ni kikomo cha kiasi kama benki yako inatoa, na ile notisi ya kabla ya kato. SEPA ni siku 14 kabla kama hamjakubaliana vingine, Bacs kawaida ni siku 10 za kazi. Sasa angalia masharti waliyokuwekea kwa herufi za mchwa, utakuta mmekubaliana siku 1. Mmekubaliana lini? Ulipoweka tiki.

KalamuNyekundu

Siku 1! Na notisi yenyewe inatumwa kwenye barua pepe ya mhasibu aliyeacha kazi.

Mwanasheria_wa_Mezani

Kufuta ndiyo mada yenyewe hasa. Watu wanafuta idhini benki, wanadhani wamefuta deni. Deni liko palepale, linakusubiri na riba. Mwambie mdai kwa maandishi, iambie benki, hifadhi uthibitisho wa zote mbili. Ukimwambia mdai peke yake, anaweza kukata mara ya mwisho "kwa bahati mbaya". Ukiiambia benki peke yake, mdai anajaribu, kato linarudi, na unabambikwa ada ya kurudishwa.

MlinziWaSalio

Ada ya kurudishwa tusiiguse, tutalala hapa. Wanakutoza kwa kukosa hela. Hela ambayo wangeitoza haipo, ndiyo maana kato limerudi. Akili gani hii?

DebeTupu

Kitu kimoja tu hicho.

SalioSifuri

Samahani wakuu, nje ya mada kidogo. Tokeni yangu ya benki mtandaoni, kile kidude cha namba za siri za kuingilia, inatoa namba lakini mfumo unazikataa. Betri au?

Fundi_Makato

Betri ikiisha kioo kinakuwa cheupe. Kama namba zinatoka, saa ya ndani imepishana na ya benki, hasa kama hujaitumia muda mrefu. Kuna sehemu ya kuoanisha upya: unaingiza namba moja, unasubiri ibadilike, unaingiza inayofuata. Usiingize ileile mara mbili. Ukikosea mara kadhaa inajifunga, hapo tena ni barua yenye sahihi zote.

SalioSifuri

Imekubali! Ubarikiwe. Na ya mkurugenzi wangu kioo ni cheupe.

MzeeWaUkaguzi

Hiyo betri haibadilishwi, omba nyingine. Na iombwe kwa jina lake mwenyewe, msije mkampa mhasibu ashike zote mbili, maana hapo anaandaa na kuidhinisha mtu mmoja.

KalamuNyekundu

Mzee, ofisi ngapi unazijua ambazo mhasibu HASHIKI zote mbili?

PembeYaLeja

Wakuu turudi kwenye mada jamani. Kashika tai, kaniangalia usoni, kasema kitu kimoja.

SalioSifuri

Subiri kidogo mkuu, tunaongelea betri.