Gesi ya baharini: Bunge linakaa hapa Dodoma, mgawo wa mapato hadi leo haujaandikwa

Wakuu, nimechoka kuulizwa "wewe mtu wa Dodoma, gesi ya baharini inakuhusu nini?" Inanihusu sana. Sheria za Bunge za 2015 zinazoigusa zimepitishwa hapa mjini kwetu, na zimepitishwa vibaya.

Fungueni Katiba ya 1977, Nyongeza ya Kwanza, jambo la 15. Mafuta na gesi asilia ni mambo ya Muungano, yaani ya Bara na Zanzibar kwa pamoja. Yaliingizwa kwenye orodha ya Muungano 1968, kabla hata ya Katiba hii, na bado yamo. Halafu ikaja Sheria ya Petroli ya 2015, ikaipa Zanzibar mamlaka ya kusimamia mafuta na gesi yake na kubaki na mapato yake. Mwaka uliofuata Baraza la Wawakilishi la Zanzibar likatunga sheria yake, na 2018 Zanzibar ikasaini na kampuni ya RAK Gas mkataba wa kitalu (eneo la kutafutia mafuta na gesi) cha Pemba-Zanzibar.

Sina ugomvi na Wazanzibari. Baraza lao lilidai jambo hili tangu 2009, na vitalu vya upande wa visiwani vililala miaka zaidi ya 10 kwa sababu ya mvutano huu. Haki yao wapewe. Lakini wapewe kwa Katiba! Sheria ya kawaida inapata wapi nguvu ya kupangua kilichoandikwa kwenye Katiba? Siku mtu akilipeleka mahakamani, mikataba hiyo itashikiliwa na nini? Na mpaka wa baharini kati ya Bara na Zanzibar unapita wapi, kwa ajili ya gesi? Hilo nalo wameliacha hewani.

Nafasi ya kurekebisha ilikuwepo. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilibakiza mambo 7 tu ya Muungano, mafuta na gesi hayamo. Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalum baada ya rasimu hiyo, ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, ndiyo imetoka hiyo. Miezi michache baadaye, Julai, miswada mitatu ya mafuta na gesi ikaletwa bungeni kwa hati ya dharura. Wabunge wa upinzani waliopinga haraka ile wakatolewa nje. Dharura gani, kwa gesi iliyolala chini ya bahari mamilioni ya miaka?

Sasa njooni Kusini, maana huko ndiko kunakoniuma zaidi. Nchi inajisifu kwa futi za ujazo trilioni 57 za gesi. Sehemu kubwa iko bahari kuu, mbele ya Lindi na Mtwara. Someni Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi mtafute asilimia waliyowekewa watu wa mikoa hiyo. Mimi sijaiona. Wanachoonyeshwa ni ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo, unaoingia halmashauri. Na kisima kilicho kilomita 100 kutoka ufukweni kiko halmashauri gani? Mei 2013, bajeti ya nishati ikisomwa hapa Dodoma, Mtwara iliwaka moto kwa ajili ya bomba la gesi la kwenda Dar. Watu walikufa. Bomba likajengwa, likazinduliwa 2015, na swali lao la mgawo likabaki bila jibu la kisheria.

Msiniambie haiwezekani. Kanada, Mahakama ya Juu yao iliamua 1984 kwamba mafuta ya bahari ya jimbo la Newfoundland ni ya serikali ya shirikisho. Jimbo lilishindwa kesi kabisa. Hata hivyo 1985 pande mbili zikaketi, zikasaini makubaliano: bodi ya pamoja ya kusimamia, na jimbo litoze mrabaha kana kwamba mafuta yako nchi kavu. Hawakusubiri watu wachome ofisi.

Kwetu Ugogoni mahari ikitajwa, inajulikana mapema ng'ombe wangapi wa upande wa baba na wangapi wa mjomba. Mradi wa LNG (kugeuza gesi kuwa kimiminika ili iuzwe nje) wa Likong'o, Lindi, unatajwa kuwa wa dola bilioni 42. Tunataka kuusaini na mgawo tuutafute baadaye?

Ninachotaka ni hiki: kabla ya mkataba ule kusainiwa, Bunge lilete marekebisho ya jambo la 15, liandike mpaka wa baharini, na liweke kwenye sheria asilimia ya mikoa ya pwani inayopakana na visima. Kama mbunge wako amewahi kusimama bungeni akalisema hili, andika jimbo lake hapa chini. Kama hajawahi, andika pia.