Ripoti inasema zahanati yetu imekamilika, na MCA ananiita "tukaongee". Nifanyeje?

Mkaazi_wa_Wadi (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, naombeni ushauri. Nijibuni kama mngemjibu dada yenu.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika habari za wadi yetu: vikao vya bajeti, barabara zilizochongwa, bomba lililopasuka, nani aliahidi nini mbele ya wananchi. Wiki mbili zilizopita nilikuwa napitia ripoti ya kaunti ya miradi ya mwaka wa fedha uliokwisha Juni 30. Zahanati yetu imeandikwa "imekamilika". Niliusoma ule mstari mara tatu.

Asubuhi yake nikaenda. Kuta zimefika usawa wa dirisha. Nondo zimetokeza juu, zimeshika kutu. Kwenye chumba kilichotengwa kwa akina mama kujifungulia kuna mahindi, yanafika magotini. Nilimwuliza mama aliyekuwa akipalilia amepanda tangu lini. Akasema, "Msimu wa pili huu."

Sijachapisha chochote. Nilimpigia simu MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, nipate upande wake. Swali hakulijibu. Alisema, "Njoo nyumbani tukaongee. Kuna nafasi kwenye kamati ya wadi, tunahitaji vijana kama wewe." Jioni mamangu akanipigia. MCA huyu alinifundisha darasa la sita. Mama akasema, "Aliyekufundisha kuandika ndiye unayetaka kumwandika?" Tangu hapo silali vizuri.

Niandike, ninyamaze, au niende nikamsikilize?

Kalamu_Nyekundu

Picha unazo, ripoti unayo, unangoja nini? Ukinywa chai nyumbani kwake, kesho atawaambia watu mmeelewana. Chapisha leo.

Karani_Mstaafu

Dada, usikimbilie. Nimekaa ofisi za umma miaka mingi na nimeona watu wazuri wakiharibu kesi nzuri kwa haraka.

Kwanza, MCA hajengi zahanati. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamkataza kujihusisha na kazi za utendaji. Kazi yake ni kuwakilisha, kutunga sheria na kuisimamia serikali ya kaunti. Tenda, malipo na ukaguzi viko kwa idara, na hapo wa kuulizwa ni afisa mkuu wa afya. Ukimwandika MCA kana kwamba ndiye aliyeshika mwiko wa saruji, wenye mradi watakaa kimya wakufurahie. Yeye ana swali lake, na ni zito: ripoti ilipofika bungeni, aliihoji?

Pili, andika barua. Katiba, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna. Unaandika kwa Kiingereza au Kiswahili. Ombi halilipiwi, gharama ni ya kutoa nakala tu. Sababu zako, hata wakizikisia vibaya, haziwezi kukunyima haki hiyo. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza au wakikukatalia, unakwenda Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman.

Usiombe "habari kuhusu zahanati", maana utajibiwa kwa maneno matupu. Taja karatasi: mkataba, BQ (orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi pamoja na bei zake), hati ya kamati ya ukaguzi na upokeaji, na vocha za malipo. Ile hati ya ukaguzi ina sahihi za watu waliokubali kwamba kazi imefanyika. Ndiyo hasa unayoitafuta. Peleka barua kwa mkono, nakala mbili, na usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe.

Fundi_Mawe

Niongeze jambo ambalo huenda hamlijui. Nimejenga madarasa ya chekechea ya kaunti. Mradi mwingine hukatwa kwa awamu, kila awamu na mkataba wake. Inawezekana mkataba huo ulikuwa wa msingi na kuta mpaka dirishani tu, na kwa karatasi ni kweli umekamilika. Hapo swali lako linageuka: awamu ya pili ilitengewa pesa? Kama haikutengewa, kwa nini kazi ilianzwa? BQ itakuonyesha. Na ukiona jina la mkandarasi usimrukie, wengi wetu tunadai kaunti kwa miaka.

Kalamu_Nyekundu

Hilo la awamu sikuwa nimelifikiria. Narudisha neno langu, ngoja karatasi.

Wakili_Mashinani

Mahakama Kuu ilitangaza mwaka 2017 kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa jinai, kinakiuka Katiba. Lakini kesi ya madai bado ipo, na mtu ana miezi 12 ya kuifungua. Ukweli ni kinga yako, ila wewe ndiwe utakayeuthibitisha. Kwa hiyo andika "ripoti inasema hivi, tarehe fulani nimekuta hivi". Neno "wameiba" usiliandike. Hujaona mtu akiiba, umeona mahindi.

Mama_Wawili

Mimi nazungumzia mama yako, maana wengine wamempita. Usimwache asikie kwa majirani. Mpeleke pale akaone mwenyewe. Na Mwalimu kamwone, ni heshima, lakini iwe ofisini kwake, mchana, na mtu wa kukusindikiza. Ile nafasi ya kamati mkatalie kwa adabu. Ukiikubali huwezi kuandika tena habari za wadi watu wakakuamini.

Mkaazi_wa_Wadi

Nimerudi. Asanteni sana, hasa Karani na Fundi. Nilikuwa nimeshaandika kichwa cha habari chenye jina la Mwalimu, nimekifuta.

Nilimwona ofisini nikiwa na binamu yangu. Kamati nimeikataa. Nilimwuliza kama aliihoji ile ripoti bungeni, akasema atanijibu kwa maandishi. Nimeandika tarehe.

Jana nilikwenda na mama kule. Alisimama muda mrefu kwenye kile chumba, kisha akaniuliza kitanda kingekaa upande gani. Leo amenisindikiza hadi makao makuu ya kaunti. Muhuri umegongwa saa nne na dakika kumi. Siku ya 21 nitaweka hapa walichojibu.