Tupeane uzoefu: Majira ya joto Japani mnapika nini, na mboga za nyumbani mnapata wapi?

KoroshoChungu (mwanzisha mada), Saitama

Wakuu, salaam. Mvua za tsuyu, zile za mwanzo wa kiangazi, zimekwisha, nyenje wanaanza kelele saa kumi na moja alfajiri, na sisi wa Saitama tumeingia rasmi kwenye tanuri. Mtu wa Dar ukifika huku unajidai joto unalijua. Joto la Dar jioni linapunguzwa na upepo wa bahari. Hili la huku linalala na wewe kitandani, usiku wa manane bado nyuzi 28 na shuka limelowa. Mkoa jirani wa Gunma, pale Isesaki, tarehe 5 Agosti 2025 walifika 41.8, rekodi ya nchi nzima. Nina rafiki anaishi hukohuko, anasema siku ile hata bomba la maji baridi lilitoa maji ya kuogea mtoto.

Sasa jikoni. Nyumba hizi za kupanga jiko lina mafiga mawili na katikati kijidroo cha kuchomea samaki. Ukiwasha feni ya kufyonza moshi inavuta na ubaridi wote wa kiyoyozi, ukiizima nyumba inajaa harufu ya kitunguu na jirani anakohoa makusudi. Kusonga ugali hapo ni adhabu. Ndiyo maana wengi wetu kuanzia Julai tunaishi kwa somen za barafu, zile tambi nyembamba, na onigiri za dukani, madonge ya wali, halafu tunalalamika tumekonda.

Mimi nasema huu ndio msimu wenye mboga za kwetu kuliko wote, na ziko kwenye supamaketi ya kawaida, siyo mpaka upande treni hadi Shin-Okubo, Tokyo, kwenye maduka ya wageni. Tatizo watu hawazitambui zikiwa kwenye mfuko wenye maandishi ya Kijapani. Karibuni, kila mtu aseme anachopika na anakokipata.

Mgogo wa Nagoya

Mkuu umenigusa pabaya. Mlenda! Unauzwa kwa jina la moroheiya kuanzia Juni mpaka Septemba hivi, mara nyingi chini ya yeni 200 kwa fungu. Kama una shaka angalia jani: membamba, lina meno pembeni, na kwenye kitako chake kuna viuzi viwili vimening'inia kama masharubu ya kambale. Ukiviona hivyo weka kwenye kikapu.

Wajapani wanaupitisha kwenye maji ya moto, wanaukatakata mpaka uvute, wanatia sosi ya soya na kula juu ya wali baridi au tofu. Si mbaya. Mimi nafanya hivi: nachambua majani peke yake, mashina ni magumu natupa. Nachemsha maji kikombe kimoja tu, natia beking soda ncha ya kijiko maana magadi sina, kisha bamia tatu nne zilizokatwa, halafu mlenda. Napiga na mchapo wa mayai badala ya kupekecha. Ukianza kufanya uzi natia nyanya na karanga za kusaga zisizo na sukari. Tangu mafiga yawashwe mpaka yazimwe ni dakika kumi, kwa hiyo hata joto la jiko halikuti.

Ugali nao nauhamishia saa kumi na mbili asubuhi. Nasonga, nakata vipande, nafunika kwa plastiki. Usiku napasha kwenye maikrowevu. Wazee wa Dodoma wasisome hapa.

Sukuma Osaka

@Mgogo wa Nagoya ugali wa maikrowevu kaka? Haki ya Mungu nimekuripoti kwa balozi.

Unga wenyewe unatoa wapi lakini? Mimi hapa Osaka natumia ule mweupe wa Amerika Kusini wa kupikia arepa. Ulishapikwa kiwandani, kwa hivyo ukiurushia maji yanayochemka unafanya madonge. Inabidi uukoroge na maji ya uvuguvugu kwanza, ndio uweke kwa moto. Ladha inakaribia, ila ile harufu ya unga wa posho hakuna.

Badala ya sukuma wiki napata komatsuna, mboga ya majani ya Kijapani, mwaka mzima, lakini mwezi wa nane inakuwa nyembamba na bei inapanda, joto haiipendi. Hapo nahamia tsurumurasaki. Hiyo ni nderema kabisa, ile ya Waluhya. Majani mazito yanayong'aa, shina nene, na ukiipika inateleza kidogo. Kaanga na kitunguu na nyanya, weka maziwa kidogo mwishoni. Nilimpikia mama mmoja jirani, yeye huichemsha tu na kunyunyiza bonito, samaki mkavu wa kuparuzwa. Sasa kila nikikutana naye kwa lifti ananiuliza ile ya maziwa.

Chapati kuanzia Julai hadi katikati ya Septemba sipiki. Napika Juni usiku, naweka friza na karatasi katikati ya kila moja. Nunua unga wa kati, churikiko, ule wa udon, tambi nene. Wa keki unatoa chapati inayovunjika, wa mkate unavuta kama raba.

Mama Pacha, Kawaguchi

Nyie mnapika mara moja kwa siku mnalia, njooni kwangu. Shule zinafungwa karibu tarehe 20 Julai na chakula cha shule kinafungwa nazo. Mpaka mwisho wa Agosti mchana ni wangu. Wanangu wako darasa la pili, wanakwenda gakudo, kituo cha kulelea wanafunzi, mama akiwa kazini, na kule lazima waende na bento, chakula cha kufunga.

Ndugu zangu mnaofungia watoto wali wa nazi kwenye bento wakati huu, acheni. Unachacha kabla ya saa sita. Pilau ya basmati inavumilia, lakini uitandaze kwenye sinia ipoe kabisa mbele ya feni ndipo ufunike. Ukifunika ya moto, jasho la kwenye kifuniko ndilo linaloharibu. Juu na chini weka vipande vya barafu ya pakiti, vile vinavyotolewa bure ukinunua keki. Mayai yaive mpaka kiini kikauke. Matango na nyanya usikate, weka nyanya ndogo nzima uliyotoa kikonyo na kuifuta maji.

Na mchuzi wa usiku msiuache juu ya jiko kama tulivyozoea kwamba asubuhi utauchemsha tena. Kuna bakteria wanaozaliana kwenye sufuria kubwa linalopoa polepole na kuchemsha tena hakuwamalizi wote. Mgawe kwenye vyombo vifupi, uingie friji usiku huohuo. Hili kila kiangazi wanalitangaza kwenye televisheni kwa sababu ya kari inayolazwa sufuriani.

Kinywaji ni mugicha, chai ya shayiri. Mifuko yake unaitupia kwenye jagi la maji ya baridi, haina kafeini, watoto wanakunywa kutwa. Mwanzoni niliona kama maji ya makande, sasa nisipokuwa nayo naona friji haina kitu.

Mwanamaji wa Pemba, Fukuoka

Assalaam alaykum. Mmesahau samaki jamani, au ndo nyote watu wa bara?

Huku Fukuoka samaki ni wa kuchagua. Saba ni jamaa yake kibua, aji wa kukaanga mzima na ndimu, na kamba wako. Ila siri ni ile pakiti inayoandikwa "ara": vichwa na mifupa baada ya kukatwa sashimi, minofu ya kuliwa mibichi. Watu wanaipita, bei ya kutupwa. Kichwa cha samaki buri au tai ukikipiga chumvi, ukakimwagia maji ya moto, ukasugua yale magamba na damu iliyoganda, kisha ukakitia kwenye nazi ya kopo na bilinganya, wallahi utakula na vidole. Bilinganya za kiangazi hapa ni tamu hata hazihitaji kumenywa.

Sasa baada ya kula ndio kuna kazi. Taka za kuungua zinachukuliwa mara mbili kwa wiki. Ukimaliza kichwa baada ya gari kupita usiku, una siku tatu na kichwa cha samaki ndani ya chumba chenye nyuzi 35. Mie naviringisha kwenye gazeti, mfuko, fundo, kisha friza. Nakitoa usiku wa siku ya taka, maana Fukuoka gari hupita usiku.

Dagaa je? Niboshi. Nunua wale wakubwa kidogo, chomoa kichwa na ule utumbo mweusi, hapo ndipo penye uchungu. Roweka, kamua, kaanga na nyanya. Si dagaa wa Mwanza, lakini moyo unatulia.

Kivu Kwetu, Hamamatsu

Jambo kwenu wote. Sisi wa Kongo huku Hamamatsu tunashukuru Wabrazili. Maduka yao yako mengi, muhogo wa kugandishwa uko, umeshamenywa, unachemsha tu. Maharage meusi na ya kahawia yako. Sombe ndiyo napata kwa maduka ya Waindonesia, majani ya muhogo ndani ya friza, mara nyingine hayajatwangwa, basi nasaga kwa blenda. Sombe inataka moto wa masaa mawili, na ndani ya Agosti huo moto nani atausimamia? Natumia presha kuka ya umeme, naiweka kwa balkoni na waya unapita mlangoni. Inachemkia huko nje, miye ndani na kiyoyozi. Mawese ni kwa maduka ya Waafrika au ya Wabrazili, wao wanayaita dendê.

Tembele la Naha

Okinawa hapa. Mnahangaika na friza wakati mimi matembele nachuma. Huku majani ya viazi vitamu ni mboga ya wazee, wanayaita kandaba, wanayatia kwenye uji wa wali au supu ya miso. Papai bichi wanakaanga kama mboga. Goya, lile karela lenye vipele, ni chakula cha kila siku, wanalikaanga na yai, tofu na nyama. Mimi nyama yao siwezi, naweka jodari wa kopo.

Kabla hamjaniomba: matembele siwezi kuwatumia. Viazi vitamu vibichi na majani yake haviruhusiwi kutoka Okinawa kwenda visiwa vikuu, kwa sababu ya fukusi wa viazi ambaye kule hawamtaki. Uwanja wa ndege wameweka mpaka mabango. Njooni mle hapahapa.

Baridi Sapporo

Mimi nilihamia huku kwa kukimbia joto. Agosti 2023 Sapporo ikafika 36.3 na nyumba yangu haina kiyoyozi, kama nyumba nyingi za zamani za hapa. Kinachonibakiza ni nyama ya kondoo. Kwa sababu ya jingisukan, nyama ya kondoo ya kuchoma mezani, kondoo anauzwa supamaketi ya kawaida, na mahindi ya Hokkaido yakianza sipiki tena. Shida ni matamu kama juisi. Kwenye matamasha wanayachoma na kuyapaka sosi ya soya. Mimi nabeba ndimu na pilipili yangu mfukoni.

Sukuma Osaka

@Baridi Sapporo na wewe unakula mahindi ya sukari na pilipili unaita choma? Sawa tu.

Mgogo wa Nagoya

Nirudi kidogo kwenye mlenda, nimepata ujumbe faragha wa watu wanaotaka kuupanda kwenye ndoo barazani. Pandeni, unapenda joto na unakua haraka. Lakini chumeni majani kabla haujatoa maua. Mbegu na maganda yake yana sumu inayogusa moyo, na Wizara ya Kilimo ya hapa huwaonya wanaolima nyumbani. Mkoa wa Nagasaki waliwahi kufa ng'ombe kwa kulishwa mlenda wenye mbegu. Wa dukani hauna shida, unavunwa mchanga.

Omwana wa Bukoba, Tokyo

Ndizi! Hakuna aliyegusa ndizi. Kinachoniuma ni kwamba ndizi zote zinaingia Japani zikiwa mbichi, kwa sheria ya karantini, zikija zimeiva zinakataliwa kwa hofu ya nzi wa matunda. Zinaivishwa humu ndani kwenye vyumba maalumu. Yaani zipo mbichi tani kwa tani, ila dukani nakuta njano tu. Nakwenda maduka ya halal ya Shin-Okubo au kule chini ya jengo la soko la Ameyoko, Ueno. Siku nyingine zipo, siku nyingine nakuta mkungu wa mapambo.

Mchele nao. Mwaka 2025 mchele wao ulivuka yeni 4,000 kwa kilo 5 mpaka serikali ikafungua maghala ya akiba. Sisi wala basmati tuliotaniwa miaka yote kwamba tunakula wali unaotawanyika, ghafla wenzetu kazini wanatuuliza tunanunua wapi.

Mama Pacha, Kawaguchi

@Omwana wa Bukoba jirani yangu Mganda anatumia zile za Wafilipino, wanaziita saba. Ukikuta ngumu zipikie, zinakubali nyama na nazi. Si matoke lakini watoto wangu walimaliza.

Na mwenye kujua karanga mbichi za kuchemsha aniambie, nina hamu.

KoroshoChungu

@Mama Pacha vuta subira mpaka mwisho wa Agosti. Chiba ndiko kunakolimwa karanga nyingi hapa, na zikivunwa mbichi wanaziuza kwenye vibanda vya wakulima barabarani, Yachimata na vitongoji vyake. Hazikai, chemsha siku hiyohiyo na chumvi, zitakazobaki friza.

@Mgogo wa Nagoya nimenunua moroheiya leo, yeni 128. Swali moja: beking soda niliyoiona ina picha ya sinki. Ndiyo hiyo?

Mgogo wa Nagoya

Hapana mkuu, hiyo ni ya kusugulia. Ya kula iko rafu ya unga na sukari, pakiti ndogo, na nyuma imeandikwa 食品添加物, yaani kiongezo cha chakula. Ukiikosa acha, tia bamia zaidi.