Jerry Rice alidumuje uwanjani hadi umri wa miaka 42?

Swali: Wanajamvi, wapokeaji pasi wengi wa mpira wa Kimarekani hustaafu mapema miguu inapochoka, lakini Jerry Rice, aliyejiunga na San Francisco 49ers mwaka 1985, alicheza misimu 20. Siri yake ilikuwa nini, ilhali hakusifika kwa mbio?

Jibu la kwanza: Aliwaacha walinzi kwa usahihi wa hatua, kwa kuwa aliweza kukata kona ghafla bila kupunguza mwendo. Mikono yake, kama alivyosimulia mwenyewe, ilikomaa Mississippi alipokuwa akimsaidia baba yake, fundi mwashi, akidaka matofali aliyorushiwa.

Jibu la pili: Msisahau kilima alichokipanda mbio kila msimu ulipokwisha, zoezi lililowashinda wenzake wengi. Mwaka 1997 aliumia goti, akarejea mapema mno (kosa kubwa, kwa maoni yangu), akaumia tena. Hata hivyo, mwaka 2002, akiwa Oakland Raiders, alikusanya yadi 1,211 (umbali aliousogeza mpira kwa pasi alizodaka). Jumla yake ya yadi 22,895 bado ndiyo rekodi.

Muuliza swali: Nashukuru. Hilo la matofali sikulijua kabisa.