Kadi ya grafiki iko asilimia 100 ilhali kompyuta imetulia: naomba ushauri

Mpigapicha_Jinja:
Wanajukwaa, habari za jioni. Nina studio ndogo hapa Jinja, na kazi yangu kubwa ni kuhariri video za harusi na kwanjula (sherehe za utambulisho kabla ya ndoa). Kompyuta yangu ina kadi ya GTX 1650 yenye memori ya GB 4. Tangu mwezi uliopita feni zake huvuma hata nisipoigusa, hasa usiku ninapoiacha ikiwa imewashwa, na uniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, zinaisha kabla ya siku zake. Fundi mmoja ameniambia kwamba kadi inatumika kupita kiasi, kwa hiyo imechoka na ninunue nyingine. Kabla sijatoa pesa, ningependa kuelewa iwapo matumizi makubwa maana yake ni kadi kukaribia kufa.

Fundi_Koboko:
Hapana, ndugu yangu. Asilimia hiyo haipimi afya ya kadi, bali inaonyesha kadi ina shughuli kiasi gani kwa wakati huo. Mchezo wa kompyuta usiowekewa kikomo cha fremu (picha zinazochorwa) kwa sekunde utaifikisha asilimia 99, na hilo ni la kawaida kabisa, kwa kuwa mchezo huchora fremu nyingi kadiri kadi inavyomudu. La kuuliza ni nani anayeitumia wakati wewe umepumzika. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager, kisha bonyeza kichwa cha safu ya GPU, yaani ya kadi ya grafiki, ili programu zinazoitumia zaidi zipande juu. Fahamu pia kwamba ndani ya kadi mna injini kadhaa, zikiwemo ya kuchora, ya kunakili, ya kusoma video na ya kuifinyaza, na Windows haizijumlishi, bali hukuonyesha namba ya ile iliyoelemewa zaidi. Ndiyo maana unapotoa video iliyokamilika unaweza kuona asilimia kubwa huku injini ya kuchora ikiwa karibu imelala.

Mzee_wa_Bombo:
Mimi ningeanza na vumbi. Fungua kasha, upulize feni.

Fundi_Koboko:
Vumbi huongeza joto na kelele, mzee wangu, lakini haliwezi kuipa kadi kazi ambayo hakuna aliyeiagiza.

Mpigapicha_Jinja:
Nimefanya mlivyosema wote wawili, na vumbi lilikuwepo kweli. Hata hivyo nimeona jambo la ajabu: nikifungua tu Task Manager, feni zinanyamaza na kadi inasoma asilimia 2, na nikiifunga, baada ya dakika chache mvumo unarudi. Nikaweka GPU-Z, programu nyingine ya kupima kadi, nayo ikanionyesha asilimia 100 na joto la nyuzi 78.

Dada_Studio_Gulu:
Kaka, samahani kwa swali hili, programu yako ya kuhariri uliipata wapi?

Mpigapicha_Jinja:
Nilipewa kwenye flashi na rafiki, pamoja na faili ya kuvunja leseni. Ilinitaka nizime kinga ya virusi kwanza, nami nikazima.

Fundi_Koboko:
Basi kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu anachimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako, yaani anaifanyisha kadi yako mahesabu yanayomlipa yeye sarafu hizo. Baadhi ya programu za uchimbaji huo husimama pale zinapoona Task Manager imefunguliwa, ili mwenye mashine asishuku. Kadi yako kwa kiwango chake ni ya wati 75. Ikikesha saa 10 kila usiku inakula uniti 0.75, yaani zaidi ya uniti 22 kwa mwezi, bila kuhesabu sehemu nyingine za kompyuta. Ondoa mashine kwenye intaneti, hamisha video za wateja kwenye diski ya nje bila kuchukua faili yoyote ya programu, kisha sakinisha Windows upya. Kuna wanaotosheka na kuchanganua virusi tu, lakini mimi siwezi kuamini tena mashine ambayo ilizimiwa kinga. Nywila za barua pepe na za benki uzibadilishe ukitumia kifaa kingine.

Dada_Studio_Gulu:
Kuhariri, DaVinci Resolve ina toleo la bure, ila kwa GB 4 itakulalamikia ukiweka video za 4K. Mimi hutumia Kdenlive, ambayo ni ya bure na nyepesi zaidi.

Mpigapicha_Jinja:
Nimesakinisha upya jana. Usiku mzima GPU-Z ilikuwa kati ya asilimia 0 na 3, na feni sikuzisikia. Rafiki yangu nimemweleza. Ameniambia kwamba mashine yake pia huvuma usiku.