Kumtoa bundi wa Psygnosis akiwa safi, Amiga na PlayStation

Kipanya64: Wakuu, salaam. Nakusanya nembo za mwanzo wa michezo ya Psygnosis, ile kampuni ya michezo ya Liverpool iliyoanza 1984, ikanunuliwa na Sony 1993, hadi studio ikafungwa 2012. Shida ni yule bundi wa nembo yao, aliyechorwa na msanii Roger Dean. ADF (faili la nakala ya diski) moja ya kompyuta ya Amiga inaingia mchezoni bila kumwonyesha. Nyingine anaonekana ila weupe wake ni wa kijivu. Na ISO (faili la nakala ya CD) ya diski ya PlayStation inatoa video bila sauti.

FremuHamsini: Ya kwanza inanuka kopi iliyovunjwa kinga. ADF ya kawaida ni baiti 901,120: nyuzi 160, kila uzi sekta 11 za baiti 512. Michezo mingi ya Psygnosis iliandikwa kwa mpangilio usioenea humo, kwa hiyo wavunjaji walipanga data upya, na nembo ilikuwa rahisi kutupwa wapate pa kuweka utangulizi wao wenyewe. Tafuta IPF, faili linalohifadhi diski halisi pamoja na kinga yake. Kwenye WinUAE (programu inayoiga Amiga) weka modeli ya A500, chipu za picha za OCS, ROM ya Kickstart 1.3, kumbukumbu ya KB 512 za chip na 512 za slow, na mfumo wa TV wa PAL (Hz 50). Ukiacha NTSC, picha inaweza kukatwa chini na mwendo unakimbia kwa Hz 60.

Rangi4096: Kijivu ni hesabu tu. OCS ina biti 4 kwa kila rangi ya msingi, 0 hadi 15. Ukizidisha kwa 17, 15 inakuwa 255. Programu iliyozidisha kwa 16 inaishia 240. Picha uliyonayo bado inaokoleka: zidisha kila thamani kwa 17, gawa kwa 16. Hifadhi PNG, JPEG inachafua kingo za herufi. Wala usiibane kwenye rangi 32. Copper, kichakataji kidogo ndani ya Amiga, inaweza kubadili rangi mstari kwa mstari, na ukibana, mng'ao wa chuma wa nembo unageuka ngazi.

Sekta2352: Hiyo ISO itupe. Imebeba baiti 2,048 kwa sekta. Video ya STR (aina ya faili la video la PlayStation) inaenea humo ndiyo maana unaiona, lakini sauti yake, ya aina ya XA, iko kwenye sekta za aina ya Form 2 zenye baiti 2,324, kwa hiyo imekatwa mkia. Soma diski upya kwa BIN/CUE, nakala inayobeba sekta nzima, baiti 2,352 kamili, kisha ifungue kwa jPSXdec, programu ya kutoa video na sauti za PlayStation. Kwa kasi ya 2x zinapita sekta 150 kwa sekunde. Video ya fremu 15 kwa sekunde inapata sekta 10 kwa fremu, sauti ikiwemo. Usipoona STR, angalia TIM, faili za picha za PlayStation: huenda nembo ni picha tuli na mchezo wenyewe ndio unaoisogeza.

Kipanya64: Shukrani wakuu. Na ukubwa?

FremuHamsini: Amiga 320×256: kuza mara 4 bila kulainisha, halafu upana tu uvute kutoka 1280 hadi 1365 ili uwiano uwe 4:3 kama wa TV. PlayStation 320×240, mara 4 inatosha.