Ligi ya mkoa wa Mtwara: mamluki wafungiwe au waachwe?

Mjomba wa Chikongola
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Naleta hoja, naomba tuijadili bila matusi.

Mpwa wangu ni beki wa kushoto. Ligi ya mkoa kaicheza tangu mechi ya kwanza. Jezi anafua mwenyewe na kuzianika kwenye uzio wa miti, njumu zimepigwa gundi mara mbili, na chokaa ya kuchora uwanja walichanga wachezaji. Timu ikaingia hatua ya mwisho. Ijumaa usiku basi la Dar likashusha watu saba. Kesho yake saa kumi jioni mpwa wangu yuko kwenye benchi la mbao, soksi kavuta hadi magotini kana kwamba ataitwa, anamwangalia mtu asiyejua hata jina la kipa akicheza namba tatu yake. Klabu siitaji.

Nasema mamluki, hawa wachezaji wa kukodiwa kutoka nje ya mkoa, wafungiwe. Asiyeishi mkoani miezi sita kabla ya ligi asisajiliwe.

Stoppa Mstaafu
Mjomba pole, yamenikuta na mimi enzi zangu. Lakini tuseme ukweli. Bingwa wa mkoa akitoka hapa anakwenda kukutana na mabingwa wa mikoa mingine, na huko wenzetu wanashusha watu waliokwishacheza madaraja ya juu. Ukienda na watoto wa Chuno na Shangani watupu unarudi na kapu la mabao, halafu sisi wenyewe ndio wa kwanza kuwazomea. Mpira ni kazi. Mtu anafuata ugali wake kama fundi anavyofuata nyumba ya kujenga.

Mwana wa Ng'apa
Mtwara mmezidi kulia. Lindi tulitulia tukajenga Namungo, ikapanda Ligi Kuu 2019. Ninyi Ndanda mlipanda 2014, iko wapi leo? Ndiyo maana uwanja wenu unaitwa Sijaona. Hamjaona na hamtaona.

Mzee wa Ligula
Nilikuja kuchangia habari ya mamluki, lakini hili siliachi lipite. Kijana, Nangwanda Sijaona si neno la kuchezea. Ni mtu. Lawi Nangwanda Sijaona aliongoza vijana wa TANU na akawa waziri enzi za Mwalimu. Ni mtoto wa huku Kusini, huku ambako watu walikuwa wakitudhania hatuna msomi wala kiongozi. Uwanja ulipewa jina lake kwa heshima, na wewe unalisimamisha mbele ya watu ulicheke. Baba yako angekusikia angekukataza.

Mwana wa Ng'apa
Mzee shikamoo. Sikumtukana marehemu, nilitania timu. Watu wa Lindi na Mtwara tumetaniana tangu tungali mkoa mmoja, iweje leo iwe kosa? Ila baba yangu umuache, hayumo kwenye huu mjadala.

Mzee wa Ligula
Marahaba. Utani una mipaka yake. Jina la marehemu lipo nje ya mpaka.

Kuchele Damu
Mzee umenena. Na huyu wa Lindi nimkumbushe: Ndanda ilikaa Ligi Kuu miaka mingi, Simba na Yanga walikuwa wanakuja Nangwanda wakijua kuna kazi. Tumeshuka juzi tu, 2018 kama sikosei.

Dada wa Mikindani
Unakosea, kaka. Ilishuka msimu wa 2019/20, ule uliosimamishwa na korona, pamoja na Lipuli, Alliance na Singida United. Na msimu huohuo ndio uliokuwa wa kwanza kwa Namungo. Yaani Ndanda na Namungo zilikuwa pamoja Ligi Kuu kwa msimu mmoja tu, kisha tukabaki na moja. Mimi hilo ndilo linaloniuma, si nani kamcheka nani. Siku za mechi pale Nangwanda mama yangu alikuwa anauza mihogo ya kukaanga getini, ndoo mbili zinaisha kabla ya mapumziko.

Kuchele Damu
Sawa dada, nimekubali. Lakini swali liko palepale: hiyo Namungo ina vijana wangapi wa Ruangwa? Kama mamluki ni dhambi, basi hao ndio mabingwa wa dhambi.

Mwana wa Ng'apa
Wivu huo. Namungo ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2020, Simba akatufunga 2-1 kule Sumbawanga, tena kwa jasho. Msimu uliofuata tukaingia makundi ya Shirikisho Afrika na akina Raja Casablanca na Pyramids. Timu ya kutoka Ruangwa! Ulitaka twende kule na wapulizia salfa?

Kiungo wa Tandahimba
Mimi ni mpulizia salfa. Nacheza namba nane.

Kaka, ngoja nikueleze kazi uliyoidharau. Tunaamka kabla ya jua, majani ya mkorosho yangali na umande ili unga ushike. Mashine ipo mgongoni, inanguruma sikioni, salfa inakuingia machoni mpaka kope zinawaka. Naitua saa tatu, jioni napanda baiskeli kwenda mazoezi. Kocha akiniambia kimbia, nakimbia. Nani kakwambia kwamba mimi sistahili kuvaa jezi?

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimjibu na mjomba. Mamluki hawaletwi na roho mbaya tu. Korosho zikianza kudondoka Oktoba, ligi ikigongana nazo, nusu ya timu iko shambani inaokota. Kiongozi ana mechi Jumamosi, hana watu, anapiga simu Dar. Lakini sisi kwenda Masasi kucheza ugenini, tunachangishwa nauli. Hela ya kumleta mgeni inapatikana usiku mmoja. Ya kumsafirisha mwenyeji haipatikani mwezi mzima. Ratiba ingepangwa kwa kuangalia msimu wa korosho, mamluki wangepungua wenyewe.

Mwana wa Ng'apa
Ndugu yangu wa Tandahimba, hapo niliteleza. Hata shangazi yangu Nachingwea anaishi kwa mikorosho. Nisamehe.

Stoppa Mstaafu
Mmegusa hela. Halmashauri zinakusanya ushuru wa korosho kila msimu. Kwa nini usimegwe kidogo uende kwenye timu?

Dada wa Mikindani
Hapana, kaka Stoppa. Ushuru ule ukimegwa, umegwe kwa ajili ya chumba cha darasa na zahanati kwanza. Timu ya watu ichangiwe na watu.

Stoppa Mstaafu
Dada, umetoka kusema mama alikuwa anamaliza ndoo mbili za mihogo siku ya mechi. Timu ikipanda, mama anauza, bodaboda anapata abiria, gesti zinajaa. Hiyo si maendeleo?

Dada wa Mikindani
Usimtumie mama yangu kunishinda hoja. Mama aliuza mihogo na ada yangu aliilipa mwenyewe. Hakuna klabu iliyomsaidia hata kumwezekea kibanda mvua iliponyesha.

Kuchele Damu
Jamani, na huo uwanja wa Nangwanda nao...

Mjomba wa Chikongola
Nimesoma yote. Kijana wa Tandahimba umenifundisha jambo la ratiba, sikuwa nimelifikiria hivyo.

Niwaambie lililotokea. Mpwa wangu ameondoka leo na basi la alfajiri. Kuna mtu wa Temeke kamwita akacheze ndondo, ile mipira ya mitaani, kamtumia nauli. Begi lake dogo, njumu zile za gundi kazifunga kwenye mfuko wa plastiki. Nilipomuuliza unakwenda kufanya nini, akanijibu, "Mjomba, nakwenda kukaa kwenye timu ya watu." Sikuwa na la kumwambia. Nilimpa elfu kumi ya chakula njiani.

Stoppa Mstaafu
Mungu amtangulie. Mguu wa kushoto haukosi kazi.

Dada wa Mikindani
Mjomba, leseni yake iko kwake au ilibaki klabuni? Ndondo hawaulizi, ila akionekana na timu ya ligi kule akasaini bila uhamisho, watamfungia, na klabu ya huku itakaa kimya. Nimeona kwa mdogo wangu. Mpigie kabla basi halijafika Mbagala.

Mjomba wa Chikongola
Imebaki kwa katibu. Napiga sasa hivi.